Mtu wa Mbele Kwenye Picha ya Ambwene

Ukitoka stendi ya Tukuyu ukashuka kama unaenda Kawetele, kuna kibanda cha mabati kimeandikwa AMBWENE ARTS. Chini yake kwa herufi ndogo: Mabango, Namba za Pikipiki, Picha za Vita. Hiyo ya mwisho watu wanaicheka. Nani Rungwe anataka picha ya vita? Ukimuuliza Mzee Ambwene anakujibu, "Na nani alitaka bango la saluni kabla sijaliandika?"

Ana miaka hamsini na saba. Zamani, akiwa kijana, alipata kibarua cha kupaka rangi kuta za hospitali kule Igogwe. Kulikuwa na sista mmoja Mpoland, muuguzi, na siku anarudi kwao alimwachia kalenda. Ilikuwa ya mwaka uliopita, lakini kila mwezi una picha ya vita vya zamani vya Poland, zote kachora mtu mmoja. Farasi, moshi, bendera, matope mpaka magotini. Ambwene kakaa na hiyo kalenda miaka thelathini na zaidi. Anachopenda kukuonyesha ni mwezi wa nane. Katikati ya mapanga kuna mzee ana jino moja, na huyo mzee anaogopa kweli.

"Huyu si wa kubuni," anasema. "Mchoraji alimkuta sokoni, akamwambia kaa hapa nikuchore."

Hapo ndipo alipochukua sheria yake. Hachori sura bila mtu mwenye hiyo sura.

Mwaka juzi alikuja Erasto, mkandarasi, anaishi Mbeya ila kwao ni Matwebe. Ukoo wao ulikuwa unajengea kaburi la babu yao mkubwa, ambaye wanasema alipigana na Wajerumani kwa mkuki. Wakataka picha ya huyo babu yuko vitani, isimame pale siku ya kuzindua kaburi. Picha yake ya kweli haipo, hakuna aliyewahi kumpiga picha. Ambwene alikubali kabla Erasto hajamaliza kuongea. Kwa mara ya kwanza kwenye maisha yake mtu alikuwa anamwomba vita, na vita vyake vitasimama mbele ya watu mia tano.

Sasa shida, vita vya mikuki utaviona wapi siku hizi? Kwa Wanyakyusa viko sehemu moja tu. Msibani. Ngoma ikipigwa, wazee wanaingia uwanjani na fimbo, wengine na mikuki ya mababu, wanakimbia, wanageuka ghafla, wanakanyaga chini kama kuna adui. Ambwene akaanza kuzunguka misibani na daftari la shule, anajificha kwenye migomba, anachora.

Huko Matwebe watu wakamkamata.

"Unaandika nini wewe?"

"Siandiki. Nachora."

"Unachora watu msibani? Ukishawachora unawapeleka wapi?"

Walimsindikiza mpaka barabarani, na wa nyuma alimpiga na ganda la ndizi. Pale barabarani akasikia mtu anamfuata anahema. Alikuwa Asajile, mzee wa miaka sitini na nane, mchuma chai mstaafu. Ndiye aliyekuwa anacheza mbele ya wote.

"Hebu nione," Asajile akasema. Akaangalia daftari muda mrefu. "Mguu wangu hauendi hivi."

"Unaendaje, tata?" Ambwene akamuuliza, kama anayemwita baba yake.

Asajile akaweka kofia chini akaonyesha. Barabarani pale, bila ngoma, pikipiki zinapita zinapiga honi. Kumbe naye ni wa ukoo huohuo, wa upande ambao haukusoma. Ambwene hakutafuta mtu mwingine.

Mwezi mzima Asajile alikuwa anakuja kibandani, anasimama na mkuki wake masaa mawili. Kupigwa picha na simu alikuwa hataki. Alisema mtu wa simu anakupiga hajakuangalia, fundi wa rangi angalau anakuangalia kwanza. Siku moja alinyoosha kidole kwenye picha.

"Huyu nyuma yangu ni punda wa wapi?"

"Si punda. Ni farasi."

"Umewahi kumuona farasi?"

"Kwenye kalenda."

"Sasa farasi wa Poland kafikaje Rungwe?"

"Kaja na Mjerumani."

"Basi mchore amechoka," Asajile akasema. "Kile kilima cha huku chini si mchezo."

Na kweli, yule farasi kachoka. Picha ilikuwa plaiwudi mbili zimeunganishwa, moshi kwenye migomba, na mbele kabisa Asajile anakimbia mdomo wazi, shingo imetoka mishipa. Erasto alipokuja kuiona alizunguka kibanda mara mbili.

"Fundi, kazi nzuri. Ila hii sura."

"Ina nini?"

"Huyu ni Asajile. Watu watasema babu yetu alikuwa mchuma chai." Akatoa picha yake ya pasipoti, akaiweka mezani. "Mimi ndiye nimefanana na babu, kila mtu anajua. Weka hii. La sivyo ibaki hapahapa kwako."

Ambwene alisema atafikiria. Alifikiria siku mbili. Ya tatu akachukua brashi akaweka sura ya Erasto. Mwili wa Asajile, mguu wa Asajile, kichwa cha mkandarasi kimenyolewa vizuri kinatazama mbele kama kinasubiri huduma benki. Akaigeuzia picha ukutani.

Asajile akapita Jumamosi, akaigeuza mwenyewe. Ambwene alijifanya anaosha brashi.

"Kumbe nimehama," Asajile akasema.

"Tata, wamesema..."

"Sijauliza." Akavaa kofia. "Mguu umeuacha. Mguu ni wangu."

Hakurudi tena. Kifua kilimbana kwenye zile baridi za mwezi wa saba, na wiki moja kabla ya kuzindua kaburi la babu akafariki. Ukoo ukasogeza uzinduzi, kwanza wazike.

Asubuhi ya siku ya kuzika alikuja Hellen, binti yake. Hakukaa.

"Shikamoo baba. Tunatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Iliyopo ni ya kitambulisho cha taifa, pale hata mimi simtambui. Alisema ulimchora."

"Nilimchora."

"Bado yumo?"

Ambwene akaangalia ukuta. "Mnazika saa ngapi?"

"Saa nane."

"Atakuwepo."

Akafunga mlango. Akatoa lile daftari alilofukuzwa nalo msibani, akalifungua kwenye meza, akaanza kumrudisha Asajile juu ya sura ya Erasto. Jino kwa jino, mshipa kwa mshipa. Saa saba na nusu picha ilikuwa juu ya Toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, inaelekea Matwebe, rangi mbichi, yeye kakaa nyuma kaishikilia.

Wakaisimamisha kwenye mgomba, nje kidogo ya turubai lililofunika jeneza. Ngoma ikaanza, wazee wakaingia na fimbo, na mbele yao yuko Asajile anakimbia upande wao. Mmoja wa waliomfukuza Ambwene siku ile alisimama karibu yake, akaiangalia picha, akaangalia daftari kwenye mfuko wa koti la Ambwene.

Halafu mvua. Tukuyu hiyo, haipigi hodi. Watu wakakimbilia turubai na viti vyao vichwani. Waliobaki nje ni wacheza ngoma na picha. Vijana watatu wakaikimbilia, kona moja ikabaki haina mtu, na aliyeiwahi alikuwa Erasto, suti nyeusi, viatu vinazama kwenye tope. Akakutana uso kwa uso na mtu wa mbele.

"Fundi," akasema, "hii si mimi."

"Si wewe," Ambwene akasema. "Ni marehemu."

Maji yalikuwa yanamtiririka Erasto puani. Aliangalia watu chini ya turubai, nao walikuwa wanamwangalia yeye.

"Nishike wapi?"

"Chini, kwenye mguu. Huko juu hapajakauka."