Taji la Kotmiri

Kwa miezi mitatu nililinda jiwe. Lilikuwa kwenye maonyesho ya vitu vya kale katika hoteli moja ya West Bay, mtaa wa maghorofa huko ughaibuni, na kila saa mwelezaji alisimama mbele yake akasema maneno yale yale, hata nikayahifadhi. Zamani, visiwani kwa Wagiriki, wafanyabiashara na watu waliokuwa mbali na kwao walianzisha vyama vyao wenyewe vya kuabudu miungu ya Misri, Isis na Serapis. Walikula pamoja. Aliyewatumikia vizuri walimvika taji la majani, wakachonga jina lake jiweni asisahaulike.

Nasi vibarua wa kigeni, mtaani Najma, tulikuwa na chama, watu wanane chumba kimoja, na ibada yetu ilikuwa pilau la Ijumaa mchana. Mpishi alikuwa mzee wa Unguja, dereva wa familia moja, na mkataba wake ulikuwa unaisha. Jambo moja lilimkera.

"Aliyelala kitanda hiki kabla yangu aliitwa nani?" alituuliza.

Hakuna aliyejua. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu yake.

Nikawasimulia wenzangu habari za jiwe. Ijumaa ya mwisho ya mzee, Mkenya mmoja wa chumbani mwetu, mlinzi kama mimi, alinunua kotmiri na nanaa duka la chini akasuka taji.

"Majani kichwani? Mie mbuzi?" mzee akasema. "Tena mambo ya masanamu hayo. Mie n'na swala zangu."

"Wale walikuwa na Serapis, mzee," nikamwambia. "Sisi tuna pilau tu."

"Inama, buda, wali unapoa," Mkenya akasema.

Akainama. Nikasoma azimio nililoliandika kwa mtindo wa maandishi ya jiwe lile: "Kwa kuwa bwana huyu ametupikia miaka sita, wala hajaunguza ila mara mbili..."

"Tatu," akasema Mkenya.

"Ile ya siku ya mpira haimo," mzee akasema, taji limemteremkia kwenye nyusi. "Nyie ndio mlioniita nitazame."

Jiwe hatukuwa nalo. Tulichonga jina lake kwa msumari kwenye mfuniko wa sufuria kubwa. Alilipitishia kidole herufi kwa herufi. Kisha akavua taji, akalikatakata kwenye kachumbari.

Mimi mahali hapanishiki. Nilihamahama, na miaka mingi baadaye nikapita Najma, nikakaribishwa chumba kile kile na watu wasionijua. Sufuria ilikuwa jikoni. Nikauliza kama wanalijua jina la kwenye mfuniko.

"Si ndiyo kampuni?" mmoja akajibu. "Tumezitafuta sufuria zake mpaka maduka ya Al Mansoura. Siku hizi hazipatikani."

Nikampigia mzee simu Unguja, nikamweleza.

"Wanasemaje, haziunguzi?" akauliza.

"Wanasema haziunguzi."

"Basi ile ya mpira usiwaambie."