Boriti ya Dungu Inapolia

Hivi wewe, ukikaa juu ya boriti, unajua ndani yake kunakuwaje? Mie sikujua, na nimelala dunguni tangu mwali. Dungu ni kibanda chetu cha juu ya nguzo, huku bondeni Rufiji. Mpunga ukichanua unahamia humo, unavuta kamba za makopo, ndege wanaruka. Usipolala dunguni, umewalimia ndege.

Basi msimu huu boriti ikaanza kulia kila nikigeuka. Mwanangu wa kiume akasema dungu livunjwe, nirudi Kibiti nikakae na baba yake, ambaye miguu imeshamkatalia. Mtu mzima akishaambiwa akae tu, kimebaki nini?

Akaja mjukuu wangu, binti anayesomea uhandisi Dar. Mke mwenzangu huyo kwa babu yake, tunataniana hivyo tangu hajaota hata jino. Akaingia chini ya dungu, akatazama weee, akachora mahesabu mchangani. Nikamwambia hayo kama ya mganga, aniambie kwa maneno ya watu.

Akasema kila kipande cha mti, hata kiwe kidogo kama punje, kinavutwa na kusukumwa na jirani zake pande zote. Ah, nikasema, kama ukili kwenye mkeka: ukivuta huku, na kule wanajua. Akacheka, akasema ndiyo hiyo, wao wanaiita mkazo, wanaipigia hesabu wajue wapi pamezidiwa. Boriti ikipinda, juu inabanwa, chini inavutwa. Na sisi tangu mabibi zetu tunachonga pengo chini, katikati, kamba za ndege zisiteleze.

"Bibi, pale ndipo mti unapovutwa kuliko pote. Nanyi ndipo mnapopiga panga."

Nikawaza sana. Ukili mmoja ukichanika, wa jirani unabeba mzigo wa zote mbili. Si ndiyo mie, tangu miguu ya babu yake ikatae?

Tukaweka boriti mpya ya mkoko, haina pengo, kamba tukafunga nguzoni. Mwanangu akaja, akasema hesabu za mchangani upepo unazifuta. Binti akapanda, akaenda kukaa katikati kabisa, miguu inaning'inia. Boriti kimya. Mwanangu akazunguka mara mbili, kisha akaenda kunibebea godoro, akalipandisha dunguni.

Jioni binti akaniahidi: "Kila msimu, mke mwenza, hupandi mpaka nije nipande mimi kwanza. Nikianguka, babu abaki wako peke yako."