Vitunguu vya Anti Wangeci

Juzi jioni nilikuwa nikianua nguo kwenye roshani ya nyumba ninayoishi sasa, huku Lanet, harufu ikapanda kutoka jikoni kwa jirani wa chini. Harufu ya kitunguu cha kawaida hujaa ngazi zetu kila jioni wala siijali. Hii ilikuwa ya vile vitunguu vidogo vyekundu vinavyoota vimeshikana vishada, vikikaangwa polepole, vizima vizima, hadi vinalainika na kuwa vitamu. Nilisimama na shuka mkononi. Mtanicheka, lakini nilichohisi kwanza hakikuwa njaa. Kilikuwa wivu, wivu wa msichana wa miaka kumi na mmoja, bado mbichi vilevile.

Wakati huo tuliishi Naivasha, katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, ua wa simiti katikati na mfereji mmoja wa wote. Baba alikuwa fundi wa mawe. Mama alifunga maua katika shamba moja kando ya ziwa, na ilipofika Januari, maua ya Valentine yalitunyang'anya mama yetu kabisa. Alitoka na giza akarudi na giza, vidole vimechomwachomwa na miiba ya waridi. Kwa hiyo mpishi wa nyumba yetu nilikuwa mimi.

Nilikaanga sukuma wiki kama nilivyomwona Mama akifanya: mafuta yachemke hadi yatoe moshi, kitunguu kikubwa kikatwe haraka kirushwe ndani, na mboga ifuate kabla hakijanyamaza. Kingo zake ziliungua kidogo, na mimi niliamini hiyo ndiyo ladha yenyewe. Baba akimaliza sahani alisema, "Asante, mpishi wangu." Nililala na maneno hayo kama mtu anayelala na blanketi.

Basi Baba akamwita dadake mdogo kutoka Ndabibi aje atusaidie, hasa kwa sababu ya ndugu yangu Kim. Kim alikuwa mdogo, bado hajaanza shule, na alidonoa chakula kama kuku anayetafuta punje kwenye mchanga. Mbavu zake zilionekana. Anti Wangeci akafika na begi moja la nguo na gunia dogo la vitunguu kutoka shambani kwa shosho, mamake Baba, vidogo karibu kama gololi, bado vina udongo.

Siku hiyo hiyo akaikalia stuli yangu ya kupikia. Alivilowesha vitunguu ili maganda yalegee, akavimenya kimoja kimoja, kisha akapunguza makaa. Nikamwambia moto huo ni mdogo, tutalala njaa.

"Kitunguu hakikimbizwi, Shiru," akasema. "Shosho yako husema ukikikimbiza, kitakungoja tumboni."

Vitunguu vikageuka rangi ya chai ya strungi, ile isiyo na maziwa. Akatia nyanya, akazingoja nazo zilainike, halafu ndengu. Majirani wakaanza kuchungulia milangoni. Tulipokula, Baba alimaliza sahani, akasema, "Sijakula hivi tangu nitoke kwetu." Kim akasukuma sahani yake mbele. "Niongeze," akasema. Neno hilo hatukuwa tumelisikia kutoka kwake.

Mimi nilisema nimeshiba.

Ikawa hivyo kila jioni. Viazi, maharagwe, hata kabichi, ambayo mpaka leo siamini inastahili sifa, vyote vilipita kwenye vitunguu vile na kutoka vingine. Mimi nikawa mtu wa kuteka maji na kuosha sufuria. Anti hakunikosea lolote. Aliniita kila mara nikae karibu naye, nami kila mara nilikuwa na homwaki. Baba akaacha kusema mpishi wangu. Hakukusudia. Alisahau tu, na hilo ndilo lililoniuma. Nikabaki na tumaini moja: Mama. Siku atakayopata ofu kazini, nilijiambia, atakuja kulikomboa jiko letu.

Valentine ikapita, Mama akapata Jumapili yake. Alirudi kutoka kanisani na nyama, akafunga leso kiunoni. "Leo napika mimi," akasema. Nilikimbia kumletea kitunguu kikubwa. Mafuta yakatoa moshi, kitunguu kikalia, nami moyoni nikashangilia.

Kim akaonja. Akakirudisha kijiko. "Sitaki hii. Nataka ya anti."

Baba akaangalia ukuta. Anti akainamisha kichwa. Mama alikaa na mwiko mkononi, kisha akautua, akatoka nje, akapita kamba za nguo hadi nyuma ya vyumba. Mimi, nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha. Nilijua akirudi, Anti atafunga begi lake.

Alirudi uso umelowa maji. Akasimama mbele ya Anti.

"Wangeci, hebu nionyeshe vile unafanya."

"Aki Mama Shiru, si kitu. Ni vitunguu tu."

"Nionyeshe."

Mama akakaa kwenye ile stuli ya chini, Anti akasimama juu yake kama mwalimu. Vidole vyenye majeraha ya miiba vikaanza kumenya. Aliharakisha, Anti akamshika kifundo cha mkono, polepole. Makaa yakazidi, Anti akayapunguza. Mara Mama akajicheka. "Shiru, kuja uone," akaniita. Sikuenda. Nilikaa mlangoni nimewapa mgongo, nikihesabu kwamba sasa nimeachwa na watu wote. Mvua za Aprili zilipoanza Anti alirudi Ndabibi, na Mama akaendelea kupika vile vile, na Kim akaendelea kula.

Nilikuja kuelewa nilipopata mtoto wangu. Jioni moja nilitoka kazini nikamnyooshea mikono, naye akajificha shingoni mwa dada anayemlea. Sikulala vizuri. Wikendi hiyo nikaenda kwa Mama, nikamuuliza kama siku ile Kim alipokataa chakula chake hakuona wivu.

Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua macho.

"Wivu? Nilienda nyuma ya vyumba nikalia mpaka nikachoka. Nilitaka kumrudisha kwao jioni hiyo hiyo, na gunia lake."

"Sasa mbona ukamwambia akufundishe?"

"Kim alikuwa anakula, Shiru," akasema. "Ningemfukuza Wangeci, halafu nimpe mtoto nini? Wivu wangu ndio ale?"