Kwa Leila, godoro halipandi boti likiwa limeshonwa

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Leila Mahmoudi amepiga magoti juu ya godoro la mtu asiyemjua. Mkononi ana wembe. Anakata uzi, mshono baada ya mshono, bila kugusa kitambaa. Mwenye godoro, mwalimu anayehamia Mbandaka, amesimama pembeni amekunja uso.

"Mama, mi nilishona vizuri jana," analalamika.

"Njo maana ninafungua," Leila anajibu bila kuinua kichwa.

Anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kupapasa. Anatoa suruali mbili, viatu vya mtoto, na picha ya harusi iliyoviringwa katika kitenge. Anavipiga picha kwa simu, anavirudisha vilipokuwa, kisha anashona upya kwa uzi wake wa kijani. Uzi huo hauuzi wala hamwazimi mtu. Mshono wa rangi nyingine ukionekana njiani, atajua kuna mkono uliopita.

Hii ni moja ya bandari ndogo za watu binafsi mjini Kisangani, mahali ambapo boti kubwa za mbao, zile zinazoitwa baleinière, hupakia mahindi, makaa, mbuzi, na maisha ya watu wanaohama. Leila, mwenye miaka arobaini na minne, ni convoyeuse, yaani msindikizaji wa mizigo. Asiye na uwezo wa kulipia ndege kwa kila kilo, na asiyeweza kukaa mtoni siku kumi au zaidi akilinda vitanda vyake, humwachia Leila. Yeye hupanda na vitu, hulala juu yake, na kuvikabidhi upande wa pili.

Kwa mizigo ya nyumba moja kwenda Mbandaka anatoza dola sitini. Safari nzuri huwa na nyumba tatu. Chakula chake, dawa za malaria na kurudi kwake vyote vinatoka humo.

"Batu banasema mi ninalipwa kwa kusafiri," anasema. "Hapana. Kusafiri, hata mbuzi inasafiri. Mi ninalipwa kwa kutoamini."

Hata mwandishi wa makala haya hakusalimika. Kabla ya swali la kwanza aliombwa kadi ya kazi, kisha afungue begi lake. Leila aliangalia ndani, akaangalia tena, akasema, "Bon, kaa."

Hakuzaliwa hivyo. Alikulia mtaa wa Kabondo, katika moja ya familia za Waislamu wa siku nyingi mjini hapa. Baba yake alikuwa seremala aliyeacha mlango wa karakana wazi mchana kutwa, na mama yake alikuwa akiuza mchele kwa kukopesha jirani yeyote aliyeomba. Leila anasema alipoanza kusindikiza mizigo, miaka kumi na moja iliyopita, alikuwa binti wa nyumba ile hasa. Mtu akimwambia ndani kuna vyombo, ni vyombo.

Mwaka wa tatu alikuja bwana mmoja mpole, mwenye shati lililopigwa pasi, aliyemwita "dada yangu" na kumlipa zaidi ya alichotaja. Mzigo wake ulikuwa vitanda viwili na godoro moja. Walipofika Bumba, wakaguzi walilitoboa godoro lile. Ndani yalikuwemo meno mawili ya tembo.

Namba ya simu ya bwana yule haikupatikana. Jina alilotoa halikuwa lake. Leila alishikiliwa siku ishirini na tatu. Mama yake aliuza mashine ya kukobolea mpunga ili kumtoa. Aliporudi Kisangani, wateja walikuwa wanavuka barabara wasikutane naye.

"Kitu iliniuma si kufungwa," anasema. "Iliniuma kwamba yule papa, yule bwana wa shati, aliniangalia kwa macho, akacheka na mimi, akaniuliza habari ya mama yangu."

Tangu siku hiyo hasindikizi asichokiona.

Kwa hiyo mwezi wa tano mwaka jana, mjane mmoja aitwaye Larissa alipofika bandarini na mkokoteni uliobeba meza, masufuria, kabati dogo na godoro lililoshonwa kwa uzi maradufu, Leila alikwenda moja kwa moja kwenye godoro. Alijaribu kuliinua upande mmoja. Halikuinuka.

"Iko nini ndani?"

"Nguo, ya Leila," alijibu Larissa, akimwita hivyo kwa heshima, kama dada mkubwa.

"Nguo za chuma?"

Larissa alitazama nyuma yake, kisha akatazama nyuma yake tena. Alisema godoro lisifunguliwe hadharani. Alisema anarudi kwao Mbandaka, mume wake amefariki mwezi wa pili, na vitu vinatangulia kwa sababu binti yake, Jemima, anasubiri mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Alisema haraka mno. Mtu anayesema ukweli, kwa mawazo ya Leila, hana haja ya kukimbiza maneno.

Alikuwa karibu kumrudishia mkokoteni wake pale mwanaume alipoingia bandarini akiwa na karatasi mkononi. Aliitwa Moïse, shemeji ya Larissa, mdogo wa marehemu. Hakupiga kelele. Alimsalimia Leila kwa adabu, akaifungua karatasi na kumsomea: kitanda, televisheni, kabati, mashine ya kushona.

"Hii yote ni bitu ya marehemu kaka yangu," alisema. "Na ile mashine ni ya mama yetu. Alikufa, ikabaki kwa kaka. Huyu mwanamke anaiba. Mama, wewe ni mutu wa kazi, usiingie mu mambo ya familia."

Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Leila anakiri kwamba hilo peke yake lilimfanya asimpende. Lakini hakumpenda Larissa pia.

Akamshika Larissa mkono, akamwingiza nyuma ya turubai la jiko la boti, na vibarua wawili wakaliburuta godoro nyuma yao. Akakata uzi. Katikati ya pamba, katika mashuka matatu, ilikuwamo cherehani nyeusi ya mkono, nzito, rangi ikiwa imebanduka kwenye shingo.

"Karatasi iko wapi?"

Larissa alitoa risiti kutoka kifuani. Ilikuwa na jina la mume wake.

"Nilinunua na likelemba yetu ya sokoni," alisema, akiwa na maana ya chama cha akina mama wanaochangiana kwa zamu. "Lakini duka waliandika jina ya bwana, njo namna banafanya. Nimeshona nguo za shule miaka sita na hii. Nikifika Mbandaka bila hii, tutakula nini?"

Kisha akaanza kulia. Leila alisimama akamtazama. Anasema alikwisha kuona machozi mengi bandarini, ya kweli na ya kununulia huruma, na kwa macho tu hajawahi kuyatofautisha. Risiti ilimtaja marehemu, si Larissa wala mama yake Moïse. Machozi yalikuwa upande wa Larissa. Hakuna hata kimoja kilichomtosha.

Injini ilikuwa imeshawaka. Nahodha alikuwa anapiga filimbi.

"Ninapakia," alimwambia Larissa. "Lakini sikiliza. Mi sijakuamini. Nikijua njiani kwamba umenidanganya, hii mashine nitaiacha kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ni yule."

Larissa akafuta uso, akakubali. Moïse alipoona mizigo inapanda, hakubishana. Alikunja karatasi yake, akaondoka. Leila hakuamini kwamba yameishia pale.

Boti liliteremka na maji. Abiria walitandika mikeka juu ya magunia, wanawake wakawasha makaa, na fundi cherehani aitwaye Ismaël, aliyekuwa akienda kutafuta maisha Kinshasa, akaweka mashine yake juu ya kreti na kuanza kushonea abiria vilivyochanika. Ilikuwa ya mkono pia, lakini mpya, inayong'aa, yenye maua ya dhahabu ubavuni.

Leila alimtazama Ismaël akifanya kazi kwa muda mrefu. Kisha akaenda kulifungua godoro, akaitoa mashine ya Larissa, na kuiweka juu ya kreti ya pili, kando ya ile ya fundi.

"Iko kazi gani?" Ismaël aliuliza.

"Ukiona mutu wa shati nzuri anapanda, wewe nyamaza tu," Leila alimwambia.

Walifika kituo cha Yanonge alasiri. Moïse alikuwa amesimama ukingoni. Alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga na kukodi pikipiki, na vumbi jekundu lilikuwa limemfika mpaka kwenye nyusi. Pembeni yake alikuwapo ofisa wa bandari, mzee mwenye kofia, aliyeonekana kuwa amekatizwa chakula.

Walipanda. Moïse alinyooka mpaka kwenye godoro, akalikanyaga, akainama kulipapasa. Lilikuwa jepesi. Akageuka kwa Leila.

"Mashine iko wapi?"

Abiria walikuwa wameanza kukusanyika. Leila aliinuka taratibu na kumwonyesha kreti mbili.

"Papa, hapa tuko na mashine mbili. Moja ni ya fundi, moja ni ya ile mizigo. Umesema ni ya mama yako, basi umekua nayo mu nyumba. Bon. Chukua ya mama yako, uende nayo. Mi sitakushika mukono."

Ofisa akasema hilo ni neno la haki. Moïse aliziangalia. Aliiangalia ile nyeusi iliyobanduka, akaangalia ile yenye maua ya dhahabu. Leila anakumbuka kwamba mbuzi mmoja alikuwa analia chini ya magunia na hakuna aliyemnyamazisha.

Moïse aliweka mkono juu ya maua ya dhahabu.

"Hii."

"Papa!" Ismaël aliruka. "Hii nilinunua mwezi jana! Mama yako ni mimi?"

Boti zima lilipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipika alipiga mwiko kwenye sufuria. Moïse akasema jua limempiga machoni, akasema alimaanisha ile nyingine, akasema ni zamani. Ofisa alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Shuka, kijana," alisema. "Umenileta kufanya nini hapa?"

Leila hakucheka. Alikwenda kukaa juu ya kabati la Larissa.

"Batu banafikiri nilikuwa na hakika," anasema. "Sikuwa na hakika ya kitu. Angeshika ile ya kweli, ningeshusha mashine pale pale Yanonge, na yule mama angekufa na mtoto wake njaa, na mi ningesema nimefanya kazi vizuri."

Mpaka leo hajui kama Moïse alidanganya tangu mwanzo, au alisadiki hadithi ya familia ambayo hakuna aliyewahi kuikagua. Anasema hilo silo la kazi yake.

Boti lilifika Mbandaka siku ya kumi na mbili, baada ya injini kuharibika mara mbili. Leila aliviweka vitu kwa binamu wa Larissa. Binti alipomaliza mtihani, wiki tano baadaye, Larissa alisafiri naye akafika, na siku hiyo Leila alikuwa Mbandaka kwa safari nyingine. Alikwenda kumwona.

Kabla ya kumkaribisha, Larissa alikagua kila kitu. Alihesabu sahani, akahesabu masufuria, akahesabu vijiko kimoja kimoja, akaviona kumi na moja, akamuuliza Leila cha kumi na mbili kiko wapi. Kilikuwa ndani ya birika. Baada ya hapo ndipo alipomkumbatia.

"Alinihesabia vijiko," Leila anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Nilifurahi! Nilisema, huyu sasa tutasikilizana."

Nyumbani, hata hivyo, kazi hii ina bei yake. Binti yake mkubwa, Rachida, mwenye miaka kumi na tisa, anasema mama yake hunusa maziwa aliyoyanunua mwenyewe. Mchumba wa Rachida alipokuja kujitambulisha, Leila alimuuliza jina la mwalimu wake wa darasa la tatu, kisha akapiga simu kulithibitisha.

"Na ilikuwa kweli," Rachida anasema. "Lakini kijana alikaa wiki mbili ndipo akarudi. Alikuwa na woga."

Leila anasikia, hakatai. Anasema amechoka kulala ameketi. Mwili wake umezoea kuamka kila mtu anapopita, hata kitandani kwake Kabondo.

Anachotaka sasa ni kuacha mto kidogo na kufungua chumba cha kuhifadhi mizigo karibu na bandari. Wanaohama wangeleta vitu siku chache kabla ya boti, wavifungue na kuviandika mbele yake kwa utulivu, badala ya kukata nyuzi wakati injini inanguruma. Rachida angekaa mlangoni. Yeye angesafiri mara moja kwa miezi mitatu tu.

Chumba amekwisha kukipata. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Leila ana ya miezi minne. Mwenye nyumba amemwambia chumba ni kizuri, amwamini, alipe hiyo minne, aingie.

Hajalipa. Amekwenda kukiona chumba mara saba, asubuhi, mchana na jioni, bila kutoa taarifa. Wiki iliyopita mvua kubwa ilipoanza na kila mtu bandarini akikimbilia kujificha, yeye alikimbia kuelekea kule, akasimama katikati ya sakafu tupu akitazama juu. Pembe ya kushoto ilikuwa inavuja.

Mwenye nyumba anasema lile ni jasho la bati. Leila amempa hadi mvua ya pili.

"Akirekebisha, tunaingia mwezi wa tisa," anasema, akifunga fundo la mwisho la uzi wa kijani na kulikata kwa meno. "Lakini kufuli nitanunua mwenyewe."