Kosa la Ngamia

Kazi yangu ni kupiga eksirei hapa Garissa, na mifupa haijawahi kunidanganya. Mfupa wa mtoto una mwanya karibu na kiungo, pale unaporefukia. Wa mzee huwa umefifia, mwepesi kama kuni iliyoliwa na mchwa. Kwa hiyo mama alipoletwa na baba, mkono ukining'inia, eti ameteleza bafuni, sikushangaa. Uzee haupigi hodi.

Nilipokuwa mtoto, nje kidogo ya Modogashe, mama aliwahi kuvunjika mkono uo huo. Baba alisema ngamia jike amempiga teke. Akamchinja mbele ya majirani, ngamia wa maziwa, na watu wakamsifu: ni mwanamume gani mwingine angemthamini mke kuliko ngamia? Nyama ile niliila kwa chuki. Hata kichwa chake nilikitemea mate.

Sasa picha ikatokea kwenye skrini. Anayeanguka hutanguliza kiganja, akavunjika karibu na kifundo cha mkono. Mama alikuwa amevunjika katikati ya kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, upande wa kidole kidogo, pale mtu anapokinga fimbo isimpate kichwani. Juu yake kidogo palikuwa na nundu ya mfupa ulioungika zamani, upande huohuo. Nikampiga picha ya kifua bila kuagizwa na daktari. Mbavu tatu zilikuwa na nundu pia.

"Hooyo," nikamwita, yaani mama kwa Kisomali, "yule ngamia alikupiga teke?"

Mama zetu nao huwaita watoto wao hivyo hivyo. "Hapana, hooyo," akanijibu. "Alikuwa mpole sana. Nilimlilia yeye, mkono sikuulilia."

Nikamuuliza kama anataka kurudi kwa baba. Akatikisa kichwa.

Nikatoka nikiwa nachemka. Baba alikuwa kwenye benchi, ndevu zimepakwa hina, fimbo katikati ya magoti. Akauliza kama mfupa wa bibi kizee utaunga. Niliipokonya ile fimbo nikaiinua, na wallahi nilitaka kumvunja. Akakunja kigasha juu ya kichwa, upesi, bila kufikiri, kama mama alivyofanya miaka yote ile. Nilijua barabara mfupa wake mkavu ungevunjikia wapi. Nikaipiga fimbo ukutani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ikakatika, na vipande nikamtupia miguuni.

Nikamwambia baba kwamba mama anakuja kuishi kwangu, na kwake harudi tena. Hakubisha. Aliviangalia vile vipande, kisha akauliza yeye sasa atapikiwa na nani.

"Mwambie ngamia," nikasema.