Draiva Ambayo Theuri Hakuijaribu

Theuri wa Kutus alikuwa mpiga picha wa mazishi, na kazi hiyo haina marudio. Harusi ukiiharibu, maharusi watanuna kisha wasimame tena bustanini. Maiti hasimami tena.

Kompyuta yake ndiyo iliyorusha mazishi moja kwa moja hadi ng'ambo. Kompyuta ilitegemea kadi ya picha, nayo kadi ilitegemea draiva, ile programu inayoiendesha. Alhamisi kompyuta ikajiwekea draiva mpya bila kuombwa. Theuri alijua jinsi ya kuijaribu: chezesha video ndefu mpaka feni ingurume, ndipo utajua kama kadi ni nzima. Lakini asubuhi ya mazishi aliitwa upesi mochari ya Kerugoya, akafungua tu ukurasa wa vifaa, akasoma, "Kifaa hiki kinafanya kazi vizuri," akaufunga. Jamani! Hata mgonjwa mahututi ukimuuliza hali atakwambia yuko poa.

Marehemu alikuwa mtoto wa miaka sita, Wakiuru. Mama yake, Nyawira, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Uarabuni, na tajiri wake alikuwa ameizuia pasipoti yake. Mtoto alibeba jina la nyanya yake, kwa hiyo Nyawira hakumwita Wakiuru hata siku moja. Alimwita Mami, kama mama yake mzazi.

Alikuwa amempa mwenzake aliyekuwa akirudi nyumbani gauni jeupe la kumzikia. Alilinunua kwa kipimo cha mtoto aliyemwacha akiwa na miaka mitatu. Pale mochari halikupita mabegani. Nyanya aliomba makasi, akalipasua mgongoni kutoka shingo hadi pindo, akamvisha. Ukitazama kwa mbele, hungejua. Theuri alikuwa ameishusha kamera, machozi yakimlenga.

Nyumbani, jeneza lilipofunguliwa watu wauage uso, Theuri alisogea karibu kama alivyomwahidi Nyawira. Skrini ikametameta, ikawa nyeusi. Akazima, akawasha. Picha ikaja, ikafa tena.

"Pasta, ngoja kidogo! Mama yake haoni!"

"Theuri, mvua inakuja na kaburi iko wazi."

Alipokumbuka kwamba angeweza kutumia simu, kifuniko kilikuwa kimekazwa skrubu. Alijichukia pale pale, mbele ya watu. Jeneza likateremshwa, na ndipo simu hiyo hiyo ikalia.

"Theuri, mimi sioni kitu. Ni network yangu ama ni wewe?"

"Ni mimi, Nyawira. Mashine imenikataa."

"Na hiyo ni nini inagonga?"

"Ni mchanga."

Nyawira alilia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayelia katika nyumba isiyo yake. Theuri hakuthubutu kukata simu.

"Basi niambie tu," Nyawira alisema mwishowe. "Ile gauni ilimtosha Mami?"

Theuri alimtazama nyanya, aliyekuwa ameketi kando ya shimo, makasi bado yamo mfukoni mwa sweta yake.

"Ilimtosha kabisa," alisema. "Ni kama alipimwa."