Mvua Iliyoua Matumbawe ya Mwamba wa Nje

Siku walipoyachoma madema ya Mzee Faki, ile mitego yake ya samaki, mimi ndiye niliyeyabeba kutoka bandani kwake hadi pwani. Yote kayasuka kwa mkono wake. Akaniambia, "Shika taratibu, Hamadi, hilo la juu bado jipya." Linakwenda kuchomwa, naye anachelea lisivunjike!

Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi, nami ni mzamiaji wa Bwana Mkaguzi aliyekuja kuangalia miamba. Siku ya kwanza aliniuliza jambo moja tu: "Pumzi unayo?" Nikazama, nikakaa chini mpaka karani wake, Masudi, akaanza kunisomea dua. Kazi ilikuwa kushuka na kamba ya mafundo, kupima kina, kisha kusema nilichoona. Karani anaandika. Mie herufi hizi nimejifunza ukubwani.

Kuzama nilifunzwa na Mzee Faki. Mwamba wa Nje uko mbali, nusu siku kwa tanga, na yeye peke yake ndiye akivua kule. Akiniona hucheka: "Wazama kutwa kama kasa, na kitoweo huna!" Kisha hunipa changu wawili.

Tumbawe ni kitu hai, vijana. Likifa hubaki jeupe kama chokaa. Masika yale bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu, lilikuwa kubwa, maji yakapwa hata vichwa vya matumbawe vikatoka nje, na mvua ikavipiga asubuhi nzima. Tulipofika siku chache baadaye, mwamba mweupe.

"Utupa huu," akasema Karani, yaani ile sumu ya majani ya kulevya samaki. "Na huku anavua nani?"

Nikazama. Weupe ulikatika sawasawa, kama mtu kapiga kamba: juu pamekufa, chini pazima.

"Bwana, yamekufa yale yaliyotoka nje ya maji tu. Utupa ungeshuka mpaka chini. Hii mvua."

"Mvua haiui bahari, Hamadi. Karani, andika."

Karani akaandika kwamba Mzee Faki katia utupa, akanishika kidole akakitia wino. Nikabonyeza. Niliogopa kupoteza kazi.

Mzee Faki akakatazwa mwamba, madema yake yakachomwa, na watu wakamwita Mzee Utupa. Mie hakunilaani. Tukikutana huniuliza, "Mwamba haujambo?"

"Haujambo, Mzee. Umeanza kuota."

Nami sikumdanganya. Yale yaliyopona chini ya mstari yalipanda, kwanza vichipukizi kama ukucha, baadaye kama vikombe vya kahawa, mpaka weupe ukafunikwa na changu wakarudi. Hakuna aliyeyapanda. Masikio yaliponiharibika nikaacha kazi, na mwaka huo huo Mzee Faki akafariki, jina lile bado liko juu yake.

Bwana Mkaguzi karudi kwao, simpati. Lakini weye, Karani Masudi, uko Madungu, kila alasiri u barazani. Mstari ule uliuona kwa macho yako, mashua ilisimama juu yake. Mie nimeshakwenda kwa Bi Time, mjane wa Mzee Faki, nikamwambia kidole kwenye karatasi ile kilikuwa changu. Alinimiminia chai, akaniuliza, "Na aliyeandika, yuko wapi?"

Nenda ukamjibu.